Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi

Wanachama wapendwa,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia safari ya miche ya viazi kutoka maabara hadi vitalu vyetu, maana mwaka huu ndiko tulikopata hasara kubwa kuliko shambani.

Mche wa chupa, yaani ule unaokuzwa maabara juu ya jeli ya virutubisho ndani ya chupa iliyofungwa, ni dhaifu. Majani yake yamezoea unyevu wa chupa iliyofungwa, kwa hivyo hayawezi kuzuia maji yasitoke. Ukiufungua kwenye upepo mkavu, unalala papo hapo. Giza la katoni mche huvumilia kwa siku kadhaa bila shida. Kinachoumaliza ni joto na mtikiso: katoni inaachwa kwenye buti, gari limekwama kwenye foleni jua likiwaka, kisha inafika kitaluni jeli imepasuka na mizizi imeng'oka. Naomba tuache kabisa kufunga katoni juu ya bodaboda mchana.

Uhifadhi nao unahitaji mpango. Katika chumba cha nyuzi 20 hivi, miche huhitaji kukatwa na kuhamishiwa chupa mpya kila baada ya wiki nne hadi sita. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, hupunguza kasi ya ukuaji kwa baridi ya nyuzi 6 hadi 8 na sorbitoli, kiungo cha jamii ya sukari, kwenye jeli, na mche ukakaa hata miaka miwili. Sisi hatuna chumba kama hicho, na stima ikipotea usiku kucha tunahangaika. Ndiyo maana kamati inapendelea viazi vidogo vinavyooteshwa ndani ya chupa: hustahimili barabara na hukaa miezi kadhaa kwenye nyuzi 4.

Jambo moja linanikera. Wapo wanaoinua chupa, wakiona jeli inang'aa wanasema mche ni msafi. Jeli safi inaonyesha tu kwamba ukungu haujaingia. Virusi havionekani kwa macho. Daini matokeo ya vipimo kabla ya kulipa. Na anayeagiza kutoka nje ya nchi aanze kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, hata kama mzigo wenyewe ni chupa tano.

Kamati inawaomba mpitishe leo ununuzi wa masanduku ya kuhifadhi ubaridi yenye vipimajoto, na kila katoni iandikwe aina ya kiazi, tarehe ya kukatwa na nambari ya kundi. Katibu atagawa karatasi za kura baada ya chai.