Kwa mnaoomba ufadhili wa masta ya sayansi

Wanakikundi, habari za jioni. Pale kwenye fomu penye “uzoefu wa utafiti” msiache wazi, wala msijaze uongo, usaili utawaumbua. Andikeni mafunzo kwa vitendo na projekti ya mwaka wa mwisho, tena kwa vipimo. “Nilisaidia maabara” haina uzito. “Nilipima pH ya sampuli 40 za udongo wa shamba la mkonge, kila moja mara tatu” hiyo inasomeka.

Asiye na chochote aombe kujitolea likizo hii. Hapo Muheza, Tanga, tu kuna vituo viwili vya utafiti: TARI Mlingano (taasisi ya utafiti wa kilimo) kwa udongo na NIMR Amani (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa malaria. Barua ya maombi ipitie kwa mkuu wa idara, igongwe muhuri.

Wa kukuandikia mapendekezo: mwalimu aliyekusimamia maabara anafaa kuliko profesa asiyekujua hata sura. Mpe wiki tatu, pamoja na CV, matokeo na tangazo lenyewe. Ukimpa siku mbili, utapata mistari minne ya jumla jumla.

Na majina, jamani! Cheti cha kuzaliwa “Mwanaidi”, cha kidato cha nne “Mwanahidi”: nendeni kwa wakili mpate hati ya kiapo mapema.

Rasimu za maombi yenu leteni Jumamosi saa nne asubuhi, maktaba ya mkoa. Zilizochapwa, si za kwenye simu.