Wito wa harambee: safari hii tunachangisha ili kutunza programu zilizopo

Wapendwa wazazi, waumini na marafiki wa darasa letu la kompyuta hapa Voi, tunawasalimu katika jina la Bwana.

Miaka minne iliyopita mlitoa bila kusitasita, katika ukumbi huu huu wa kanisa, ili vijana wetu waunde maktaba yao ya programu huria, yaani msimbo ulio tayari ambao yeyote anaweza kuutumia ndani ya programu yake, itakayoandika tarehe, siku na sarafu kwa Kiswahili sanifu. Waliiunda, nasi tukajivuna. Kisha kijana aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo akapata kazi Nairobi, hakuna aliyeshika nafasi yake, na lugha ya kompyuta iliyotumika kuuandika msimbo huo ilipotoa toleo jipya, maktaba yetu ikabaki nyuma. Shule moja iliyotuamini ikachapisha ripoti za muhula ambazo mahali pa tarehe palikuwa patupu, na mwalimu wa darasa akakesha akizijaza kwa kalamu, moja baada ya nyingine. Jambo hilo linatuuma hadi leo, na hatuoni vema kuwaomba tena bila kulikiri.

Kosa letu halikuwa uvivu. Tulijenga upya kilichokwisha kujengwa. Shirika la Unicode, linaloweka viwango vya maandishi ya kompyuta duniani, lina hazina ya data iitwayo CLDR, ambamo simu za Android na za Apple huchota majina ya miezi, siku, nchi na sarafu, na Kiswahili kimo, tena kwa kuzingatia Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Wanaojitolea hupendekeza maneno na kuyapigia kura, na neno likikubaliwa, toleo linalofuata hulifikisha mbali kuliko maktaba yetu ingeweza kufika. Tunajua kwamba kuunda kipya kuna fahari yake, kwa kuwa jina la muundaji huonekana juu kabisa, ilhali anayerekebisha cha wengine hupata mstari mmoja tu katika orodha ndefu. Hata hivyo, mwaka 2014 dunia nzima iliona gharama ya kupuuza kilichopo: katika OpenSSL, maktaba inayolinda siri za tovuti nyingi mno, iligunduliwa kasoro ya Heartbleed iliyokuwa imekaa humo takriban miaka miwili, nao watunzaji wake walikuwa wakipata michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka. Ziko harambee zinazochanga zaidi ya hapo kwa siku moja.

Vijana 9 wamejifunza kazi hii ya kupendekeza maneno kwa CLDR, na wanaifanya kwa kompyuta 2. Moja imefungwa bawaba kwa uzi wa kushonea, na betri yake ilikufa zamani. Jumamosi iliyopita binti mmoja alikuwa ameandika mapendekezo yake kwa muda wa saa tatu, akilinganisha kila neno na kamusi, mara tokeni za stima zikaisha na skrini ikazima kabla hajayatuma. Alikaa gizani akiwa bado ameshika kamusi. Mapendekezo hupokelewa kwa majuma machache tu, na dirisha likifungwa, kazi ile husubiri awamu nyingine.

Tunaomba shilingi 186,000 za kununulia kompyuta 4 zilizotumika, pamoja na intaneti na stima za miezi 6. Hatutaunda maktaba mpya kwa fedha hizi. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa kanisa kila mwisho wa mwezi. Kwa heshima tunawakumbusha pia ndugu walioahidi safari iliyopita, ambao bado hawajatimiza, kwamba ahadi ni deni, na mlango ungali wazi.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mara baada ya ibada ya pili. Mwenye kompyuta kuukuu inayowaka aje nayo, hata kama baadhi ya vitufe vyake vimeng'oka.