Harambee kwa Ajili ya Damu ya Watoto Wetu: Wito wa Usharika kwa Wana Karagwe

Bwana Yesu asifiwe. Tunawaandikia wanausharika, majirani wa imani nyingine tunaozikana na kusherehekea pamoja, na wana Karagwe mlioko Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam na ughaibuni, kuhusu malaria na watoto wa chini ya miaka mitano inaowamalizia damu: wanatoka hospitali wakiwa wameongezewa damu, kisha wanarudishwa baada ya wiki chache viganja vikiwa vyeupe kuliko mara ya kwanza.

Wenye umri wanaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, na uchungu wake. Iliposhindwa kuwatibu watoto, Tanzania iliiacha mwaka 2001 na kushika SP, dawa nyingine ya malaria, na miaka mitano tu baadaye ikachagua dawa ya mseto, ALu, tuliyoizoea zahanati. Sasa hata mseto una mashaka yake. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba huko Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, wapo vimelea wa malaria waliobadilika kiasi cha kuchelewa kufa wanapokutana na dawa, na uchunguzi uliofanyika hapa hapa Karagwe mwaka 2022 uliwakuta wa namna hiyo, wengine wakionekana bado katika damu siku ya tatu ya matibabu. Jambo hili lisipotoshwe: ALu bado inawaponya wagonjwa walio wengi sana, na mzazi anayekatisha dozi siku ya pili kwa sababu homa imeshuka anawapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa.

Hofu yetu kubwa ni damu. Kimelea anayekawia mwilini hupasua chembe nyekundu, mwili wenyewe huharibu hata zile zisizo na ugonjwa, na uboho unaotengeneza damu mpya hulegea, hivyo mtoto ambaye tayari amedhoofishwa na minyoo au lishe duni huishiwa damu kimyakimya. Huenda asiwe na homa kali wala degedege. Anakaa tu pembeni wenzake wakicheza. Mama mmoja wa jumuiya yetu alidhani mwanawe ana usingizi, na alipofika hospitali wingi wa damu ulikuwa chini ya gramu 5 kwa desilita.

Mtoto huyo aliongezewa damu akapona, na tunamshukuru Mungu na wale waliojitolea damu. Hata hivyo, miezi inayofuata ndiyo ya hatari, kwa sababu damu ya kuongezewa haimkingi na mbu wa usiku ule ule anaorejea nyumbani. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, uliwapa watoto kama huyu dawa ya kuwakinga na malaria mara tatu ndani ya miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, na katika kipindi hicho vifo na kulazwa upya vikapungua kwa asilimia 70. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga hiyo. Kwa hiyo mtoto anayekosa marudio ya kliniki kwa sababu baba hana nauli anakosa jambo kubwa kuliko tulivyokuwa tukidhani.

Tunaomba shilingi milioni 12. Sehemu ya kwanza itanunua mashine mbili ndogo za kupima wingi wa damu pamoja na vitendanishi vya mwaka mzima, kwa zahanati mbili ambazo leo humkadiria mtoto kwa kutazama viganja na kope. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, itakuwa mfuko wa nauli wa kumfikisha hospitali mtoto aliyepewa rufaa, hata usiku, na kumrudisha kliniki kila tarehe aliyopangiwa hadi miezi mitatu itimie. Hatutanunua dawa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wataalamu, nasi hatutaki dawa zizagae mitaani bila vipimo.

Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Mbuzi, mikungu ya ndizi, maharage na kahawa vitapokelewa na kunadiwa uwanjani. Fedha zitapokelewa na mhasibu na kuandikiwa stakabadhi, na hesabu yote itabandikwa kwenye mbao za matangazo za zahanati zote mbili kila baada ya miezi mitatu. Asiye na fedha aje asubuhi hiyo hiyo kuchangia damu, maana wahudumu wa damu salama wamealikwa, nasi tunaomba waje watu wengi.