Shoga, naja huko, ila kwanza nisaidie hili la kuaga

Zuu shoga yangu, asalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, shemegi hajambo? Huku alhamdulillahi sote wazima, mama anakusalimia sana na anasema hajasahau ahadi yako. Haya salamu zimekwisha, usinilaumu, nshakuandikia kwenye watsap nikafuta, voisnoti nikianza tu nalia, ndo nkasema bora nikae niandike barua ya sawasawa uisome ukiwa umetulia.

Viza imetoka, yangu na ya watoto. Baba Nasra wamempa nyumba ya familia huko Muscat basi hakuna tena cha kungoja, Sikukuu ikipita tunakuja inshaallah. Najua hapo ulipo ushapiga vigelegele, na mie nafurahi wallahi, nimechoka kuwa na mume ndani ya simu, intaneti ikikata na ndoa imekata. Safari haina tatizo. Tatizo kilabuni kwetu Culture, kwenye taarabu.

Wameshajua. Sikuwaambia mie, namshuku yule yule wetu, ukimwambia jambo saa nne Vuga, saa tano liko Bububu. Nimefika mazoezini watu kimya, mjomba wa besi hajamtania mtu, Maalim ananitazama juu ya miwani. Akasema tu, kumbe unatuacha. Tukapiga bashraf, ile ya vyombo vitupu bila mwimbaji, kama kawaida mpaka tukafunga vyombo na hakuna aliyelitaja tena. Ningetaka wanigombeze Zuu, wangenigombeza ningejibu, unanijua mie.

Sasa wamepanga Idi pili, siku ya onyesho, nipige taksim peke yangu, ya kubuni papo hapo, kabla ya bashraf halafu ndo niagwe mbele za watu. Waitikiaji washashona sare. Sare shoga! Rangi ya zambarau, maana'ke hata kuchagua hawakuniuliza. Na ati watu watakuja kunitunza, mie mpiga ganuni, lini umeona mpiga ganuni akatunzwa, pesa wanapewa waimbaji sie tumeinama tunahangaika na nyuzi. Mie nikikaa pale nyuma ya ganuni sitazami mtu, nyuzi 78 zile, tatu tatu kila sauti, ukizubaa moja imelegea kwa huu unyevu wetu wa bahari na ushaharibu maqamu nzima, ile ngazi ya sauti ya wimbo. Ndo maana nilikipenda kile kiti, hakuna anayekuona. Leo wanataka nisimame.

Halafu watu wenyewe ndo hao. Wewe ulikuwepo. Mwaka ule alipofariki Bi Kidude, 2013, mie ndo kwanza nimeingia, sijui hata kushika risha ya kupigia nyuzi, natoka mazoezini usiku kule kwa wakwe maneno, mke wa mtu anarudi saa nne anatoka kwenye ngoma. Nani alikuwa ananisindikiza? Bi Mkubwa wa Kikwajuni, na magoti yake mabovu, ananifikisha mpaka mlangoni, anagonga mwenyewe, anawaambia mkwe wenu huyu hapa nimewarudishia. Hakuna siku aliyonambia amechoka. Nasra kalala kwenye mabegi ya fidla, mjomba wa besi anambembeleza kwa mguu mmoja huku anapiga. Tulipokatikiwa na nyuzi na yule anayetuletea kutoka Cairo hajasafiri, tukafunga mshipi wa kuvulia, unakumbuka, wakatucheka wale wazee wa kilabu cha Ikhwan Safaa wakasema maqamu yenu ya bayati leo inanuka changu. Na wao hao hao wiki ya pili wakatupa seti nzima ya akiba yao. Wanatusimanga kila siku kwamba wao wa 1905 na Culture sie watoto wa juzi, 1958, lakini ukikwama wanakuja.

Ndo hapo panaponiuma. Maalim anapenda sana kile kisa cha Sultani Barghash kumtuma Mohamed Ibrahim Misri ajifunze ganuni, akarudi nayo, na ndo taarabu yetu ikaanzia pale. Na Siti binti Saad 1928 kapanda meli kenda Bombay kurekodi, karudi na santuri. Katika muziki huu wetu mtu akitoka anarudi na kitu. Mie naondoka naenda kupika na kupeleka watoto skuli. Sisemi vibaya kupika, lakini nitarudi na nini? Na nitarudi lini? Baba Nasra anasema miaka michache, na miaka michache ya Muscat sote tunaijua, wangapi walisema hivyo na wajukuu zao sasa wanaongea Kiarabu kitupu.

Ganuni nnaiacha, si yangu, ya kilabu, hilo halina mjadala. Hapa Unguja huendi dukani ukasema nipimie ganuni. Changu mie ni zile pete mbili za kushikia risha, alizonipa Maalim, na yeye alipewa na mwalimu wake. Sasa kuna mtoto mmoja wa Jang'ombe, hukumkuta, alikuja baada yako, msichana mdogo ana masikio Zuu, akisikia maqamu ya sika anakaa vile vile ilivyo haipandishi wala haishushi. Ndo atakaekaa kwenye kiti changu. Anapigia pete za kuazima, kubwa, kazifunga uzi ndani zisichomoke. Jana nikamuona anazizungusha zungusha kidoleni, nikajua nnachotakiwa kufanya, na nikatia zangu mkobani nikaenda nyumbani.

Sitaki kuzitoa. Ndo ukweli wangu. Nazivaa hata nikiosha vyombo. Nnajiambia huko Muscat huenda nikapata ganuni ya kupigia, nitahitaji, halafu najijibu mwenyewe, ukipata ganuni pete zitakushinda? Na Maalim hajasema kitu, ila anatazama mikono yangu, au pengine mie ndo naona hivyo, sijui. Yule mtoto nae hajaomba. Angeomba ningekataa roho ingetulia.

Na hapa ndo nnakuja kwako mwenzangu. Wewe uliondoka kimya kimya, tukasikia kwa watu ushafika, kiti chako cha fidla mpaka leo mjomba anaweka begi lake pale mtu asikae. Nilikununia sana, nshakwambia. Siku hizi nakuelewa na hilo nalo linaniudhi.

Basi nambie. Ulifanya makusudi kutoaga au ndo siku zilikwisha tu? Ulipofika ulikaa muda gani bila kugusa fidla, na unaigusa sasa au iko juu ya kabati? Kuna watu wetu huko wanakutana kupiga, hata nyumbani kwa mtu, hata udi mmoja na dumbaki? Na hiyo opera hausi yao waliyoifungua 2011, taarabu inaingia mle au ni suti tupu? Nyuzi za ganuni zinapatikana madukani huko, nikinunua seti nikampa mtu wa ndege alete Vuga zitafika? Maana hilo angalau nataka nilifanye, nishamuahidi mjomba kabla sijauliza. Na pete, niambie kweli bila kunionea haya, nimpe mtoto kabla ya onyesho apigie siku hiyo, au nimpe baada, au nije nazo? Ukinambia njoo nazo sitakuuliza sababu.

Nijibu kabla ya Idi tafadhali, na usinipigie, niandikie, ukinipigia tutalia wawili vocha iishe. Mabuyu nakuletea, achari nakuletea, pweza mkavu siahidi, begi moja zima limejaa nguo za shule za Nasra na mkaja wa mama.

Wako,
Mwana