Barua kwa Mkunde kabla mwenye farasi hajasafiri

Machame, 2 Desemba

Mwanangu Mkunde,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo, presha ya mama yako imetulia, na mvua inanyesha mchana kama ilivyozoea. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa baba" kabla sijamaliza, na hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Mama yako ameniambia yule mama wa Usa River anaondoka tarehe 14 kwenda Uingereza, atarudi tarehe 5 Januari, na farasi wake watatu amekuachia wewe. Nikamuuliza, ameandika nini? Akasema hajaandika, wameelewana tu. Mkunde, mmeelewana nini?

Sina shaka na mikono yako. Nilikuona mwaka jana ukinyanyua mguu wa nyuma wa yule dume mkorofi bila kelele na bila kamba, nikageuka pembeni nisije nikakusifu mbele ya watu. Shaka yangu ni moja tu. Saa nane usiku farasi yuko chini anajigaragaza, mwenyewe yuko angani au simu kaizima, daktari anakuuliza, "Nani analipa, na nikimwona hafai nifanyeje?" Utamjibu nini? Bila karatasi utasubiri kupambazuke. Tumbo la farasi halingoji kupambazuke. Nami nimewahi kujificha nyuma ya maneno "mwenyewe yuko safarini", kwa hiyo najua yanavyorahisisha kulala.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Aisaini yeye, nakala moja ubaki nayo, moja kwa daktari, moja ibandikwe nyuma ya mlango wa stoo. Iwe na daktari wa mifugo wa kwanza na wa pili, maana Desemba hata madaktari wanakwenda makwao. Wote wawili waulizwe mapema kama wanatibu farasi na kama watakuwepo, kwa sababu wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Iandikwe ni shilingi ngapi unaruhusiwa kutumia bila kumpigia, na fedha hiyo aiache kabisa, taslimu au kwenye simu yako. "Nitatuma" haimlipii daktari mafuta ya gari usiku. Liandikwe pia jina la mtu wake mmoja aliye huko huko Arusha, mwenye ruhusa ya kuamua yeye asipopatikana.

Kisha ile sentensi ambayo hakuna anayependa kuiandika: daktari akisema hakuna tumaini, nani anaruhusu farasi achomwe sindano ya kumpumzisha? Na atazikwa wapi? Ile dawa inabaki kwenye nyama. Mbwa, fisi au tai akila mzoga naye anakufa, kwa hiyo hatupwi korongoni na hauzwi kwa mtu wa nyama za kulisha mbwa. Shimo liende chini kiasi kwamba juu yake ubaki udongo usiopungua mita moja, mbali na kisima na mfereji. Muulize hivyo hivyo, macho kwa macho. Akikasirika, afadhali akasirike tarehe 10 kuliko tarehe 25.

Saa mziandike kwa namna mbili. Wewe ukiandika ubaoni "dawa saa 12", yeye anasoma saa sita mchana. Weka 18:00 pembeni. Na Uingereza mwezi huu wako nyuma yetu kwa saa tatu. Ukimpigia saa 12 asubuhi, kwake ni saa tisa usiku.

Mwambie pia umfanyie kazi yote siku tatu kabla hajaondoka, yeye akiwa amesimama anakuangalia. Mtu akikueleza kwa mdomo anasahau nusu, ila akikuona umekosea anakumbuka. Siku hizo piga picha kila farasi ubavu huu na ule, na kila kovu, ili Januari msibishane. Fundi wa kwato aje sasa, wiki hii. Akija siku moja kabla ya safari na msumari ukakaribia nyama, farasi ataanza kuchechemea mwenyewe ameshaondoka. Uliza tarehe ya mwisho ya chanjo ya pepopunda na ya dawa ya minyoo, uziandike.

Sasa chakula. Hawa farasi wanapandwa kila siku na wanalishwa chakula cha kazi. Akiondoka hawatapandwa. Kuanzia siku ile ile ya kwanza ya mapumziko, nafaka na pumba zipungue hadi nusu, nyasi zisipungue. Ukiendelea kumjaza pumba naye amesimama tu, siku ya kutolewa misuli ya makalio inakakamaa, jasho linamtoka, anagoma kusogea, na mkojo unakuwa rangi ya kahawa nyeusi. Ukiona hivyo usimtembeze hata hatua kumi. Mwache alipo, mpe maji, ita daktari.

Farasi wa kilo 400 anataka kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku. Tumia mizani ya ndoano, usikadirie kwa marobota, moja ni zito na lingine limejaa hewa. Gawa mara nne, fungu kubwa liwe la usiku. Nafaka isizidi kilo 2 kwa mlo, kwa sababu mfuko wa tumbo lake ni mdogo na farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Maji ni ndoo mbili za lita 20 kwa siku, siku za jua kali zaidi. Hesabu anachokunywa. Ukiweka pipa moja la wote hutajua nani ameacha kunywa, na anayeacha kunywa leo, kesho tumbo limefunga. Chumvi, vijiko viwili vikubwa kwenye pumba zilizolowanishwa.

Stoo ipigwe kufuli, si kigingi. Farasi akijifungulia akala gunia, usingoje aonyeshe ugonjwa. Kwato hazianzi kuuma siku hiyo hiyo, na zikianza kuuma umeshachelewa. Unapiga simu muda ule ule, akiwa bado anatembea vizuri. Na kwa kupiga simu bado ninakuuliza: kwa ruhusa ya nani?

Chuoni Tengeru walikufundisha ng'ombe, tena vizuri, na hapo ndipo ninapokuogopea. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimpake farasi hata kidogo. Utumbo wake unasimama. Kupe watoe kwa mkono, kagua ndani ya masikio, chini ya singa za shingoni, kwenye shina la mkia na katikati ya mapaja, au tumia dawa ambayo daktari ameiruhusu kwa farasi. Chakula cha kuku na cha ng'ombe kilichochanganywa kiwandani kisiingie kabisa kwenye ile stoo. Baadhi vina dawa iitwayo monensini, na kiasi ambacho ng'ombe anastawi nacho kinaua moyo wa farasi. Majani ya lusina, yule mti tunaomkatia mbuzi, yanamnyonyoa singa na mkia. Usiyachanganye na lusini, majani ya malisho ambayo ni chakula chake kizuri. Kijana wa bustani anaweza kusikia "lusini" akaleta lusina, kwa hiyo mwonyeshe kwa mkono. Majani na magome ya mparachichi ni sumu kwake, na pale kwenye uzio ipo miparachichi miwili; ama ikatwe matawi, au uzio usogezwe. Nyasi zilizokatwa kwa mashine bustanini zinachacha haraka, zisirushwe zizini kwa wema. Mabingobingo kidogo hayana neno, ila yakiwa chakula pekee kwa wiki nyingi yanazuia chokaa isifike kwenye mifupa. Mahindi yenye ukungu tupa. Usipepete, usianike. Yanaharibu ubongo wa farasi, na hakuna dawa.

Na chupa! Ng'ombe akivimbiwa tunamnywesha mafuta kwa chupa. Farasi usimnyweshe kitu kwa chupa. Kinaingia mapafuni.

Likija tumbo, utaliona hivi: ameacha kula, anachimba kwa mguu wa mbele, anageuza shingo kutazama ubavu, analala na kuinuka, anakunja mdomo wa juu, samadi haipo. Kwa kawaida farasi anaangusha mafungu nane hadi kumi na mawili kwa siku, kwa hiyo banda safi asubuhi si habari njema. Ondoa chakula chote. Hesabu mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto. Kawaida ni 28 hadi 44 kwa dakika, na yakipita 60 mwambie daktari neno hilo kwanza kabla ya maelezo mengine. Pumzi 8 hadi 16. Tazama fizi, ziwe za waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole, weupe uondoke ndani ya sekunde mbili. Tega sikio ubavuni pande zote mbili: kimya ni kibaya kuliko kunguruma. Akitaka kujigaragaza mtembeze taratibu kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha mpumzishe. Kumzungusha usiku kucha kunammaliza nguvu bila kumponya. Akiwa amelala ametulia, mwache alale. Sindano ya maumivu usimchome kabla hujaongea na daktari, kwa sababu inaficha dalili anazozitafuta, na zile za kuingia kwenye mshipa zikichomwa nyamani zinaweza kuozesha msuli.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika ndio unaoninyima raha mvua kama hizi. Unaletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Hauambukizwi farasi kwa farasi. Waingize bandani muda wa saa moja kabla jua halijazama, na wasitoke mpaka jua lipande vizuri. Wavu wa matundu madogo madirishani, feni kama umeme upo, maji yaliyotuama na matope yenye samadi yaondolewe. Pima joto kila siku asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari, jina na saa. Kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Ukiona 39 usiseme ni jua. Tazama lile bonde juu ya jicho: likijaa na kuvimba, au povu likitoka puani, piga simu ukiwa umesimama hapo hapo. Aina yake inayoshika mapafu inaua kwa saa chache, na wanaopona ni wachache sana.

Nani atakayelipia simu hiyo, Mkunde? Narudia kwa sababu najua unaona aibu kumuuliza mtu mzima habari za fedha. Aibu hiyo umeirithi kwangu, na haijanisaidia.

Usikubali kubaki peke yako. Ukiugua malaria tarehe 20, nani anaingia bandani? Mtafute kijana mmoja sasa, alipwe na mwenye farasi na siyo wewe, ajifunze zile siku tatu pamoja nawe. Mlinzi wa usiku apite na tochi saa nne na saa kumi, aangalie kama wamesimama, kama nyasi zimeliwa, aandike kwenye daftari hilo hilo. Viatu vya kufunika mguu, siyo ndala. Kamba usijizungushie mkononi. Na asipandwe farasi hata mmoja, hata rafiki zake wakija na kusema wameruhusiwa, kama hawamo kwenye karatasi.

Nyumbani kahawa ya mwisho imeanikwa, kidogo kuliko mwaka jana. Bati la jiko linavuja upande wa migomba, Elia ameahidi kulishughulikia akifika. Watu wa Dar wanaanza kupanda tarehe 20, na mama yako amenunua mbuzi tayari. Hajakulaumu, ila jana alihesabu vitanda mara mbili. Mimi ndiyo nakulaumu kidogo: ungeniuliza kabla hujakubali Krismasi nzima. Tutakuwekea nyama ya mguu wa nyuma, usije ukasema tumekusahau.

Kuhusu samadi, mwombe yule mama magunia kumi, Elia atayafuata Januari kwa pikapu. Iwe ile iliyooza miezi mitatu, mbichi inatuletea magugu. Nawe sindano yako ya pepopunda ulichoma lini? Vidudu vyake vinaishi kwenye samadi hiyo hiyo. Nenda zahanati kabla ya tarehe 14.

Jambo lingine, mama yako hataki niliandike. Ile ada ya mwaka wako wa pili Tengeru iliyochelewa mpaka ukarudishwa nyumbani, fedha ilikuwepo. Nilidhani utachoka na kazi ya mabanda ukarudi kusoma ualimu. Basi.

Karatasi ikishasainiwa nitumie picha yake, mbele na nyuma. Kama hadi tarehe 12 hajaisaini, nipigie, nitapanda hiace asubuhi nije tuongee naye wote wawili, kwa heshima.

Ni mimi baba yako.

Nimesahau: pamoja na barua hii konda atakupa soksi ya bluu. Ndani yake kuna kipimajoto changu. Nimekifunga uzi na kibanio cha nguo. Kibanio unakibana kwenye nywele za mkia kabla hujakiingiza kipimajoto njia ya haja kubwa, kisije kikapotelea ndani au kikavunjika chini. Kipake mafuta ya kupikia au vaselini, simama ubavuni kwake na siyo nyuma, kiguse ukuta wa nyama wa ndani na siyo katikati ya samadi, ngoja dakika tatu. Kioshe kwa maji baridi. Ya moto yatakipasua.