Kwa Salehe, kuhusu ile bledi

Keko, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo wote, na Mwanaidi jino lake la kwanza limeng'oka juzi, kwa hiyo kila mgeni anayeingia hapa lazima aonyeshwe pengo. Naona wiki hii Mungu kaniandikia habari za meno tu, maana na barua yako ni meno matupu.

Unasema mashine yako mpya ya msumeno wa duara imekutia hasara: mbao za mkongo inaziunguza, na plaiwudi inaichana kingo kama imetafunwa na panya. Unataka kuirudisha dukani. Usiirudishe, nakuomba. Nimeikuza ile picha uliyonitumia nikahesabu: bledi yako, lile duara la chuma linalokata, ina meno 24. Ndiyo iliyokuja ndani ya boksi, na mashine nyingi za bledi ya inchi saba na robo huja na ya namna hiyo. Ni ya kupasulia, yaani kukata ukifuata uzi wa mti. Sasa wewe umeipasulia, umeikatia, umeichania plaiwudi, na kama nakujua vizuri umeanza na zile mbao kuukuu za zege zilizobaki ulipojenga. Saruji iliyogandia kwenye ubao inamaliza makali upesi sana, na misumari usiseme. Moshi wa mkongo unatoka hapo: bledi haikati tena, inasugua. Ipe mswaki na mafuta ya taa kwanza, uondoe utomvu ulioganda, ndipo uitazame meno. Kama ncha zimekuwa za duara, peleka ikatiwe makali.

Plaiwudi ni kesi nyingine. Wewe umechanja kuni tangu utotoni, unajua: ukifuata uzi wa mti, hata shoka la ovyo linapita. Ukikingama, unahitaji makali. Ubao nao ni hivyo hivyo. Kupasua kunataka meno machache yenye mapengo makubwa katikati, ili unga upate pa kutokea. Kukata kwa kukingama kunataka meno mengi yaliyochongwa mshazari, moja kulia, moja kushoto, yakate nyuzi kama visu kabla hazijang'oka. Na plaiwudi nyuzi zake zimepishana tabaka kwa tabaka, kwa hiyo upande wowote utakaopita, kuna mahali unakingama. Hapo weka meno 60.

Ila usije ukadhani meno mengi ndiyo ubora. Mafundi wengi hapa mtaani wananunua ya 60, wanaiacha humo mwaka mzima, halafu wanapasulia mbao za inchi mbili. Mapengo madogo yanajaa unga, bledi inapata moto, inaanza kuyumba. Ukiweza kuwa na moja tu ya kazi mchanganyiko, chukua ya 40. Mimi nasema nunua mbili, ya 24 na ya 60, na ukubali usumbufu wa kubadilisha. Chomoa waya kwenye umeme kwanza, kila mara, hata kama una haraka.

Somo la melamini, ule ubao wa kutengenezwa wenye uso laini wa plastiki, nililipia mwenyewe. Nilipewa kazi ya kabati la nguo, jeupe lote, nikakata huku uso mzuri ukinitazama. Kwenye mashine ya mkono meno yanakata yakipanda kutoka chini, kwa hiyo yanachana upande wa juu. Ubao mzima ulipata mapengo kama ya Mwanaidi, nikanunua mwingine kwa hela yangu. Siku hizi uso mzuri naulaza chini, nabandika utepe wa karatasi kwenye mstari, na bledi naishusha ichungulie chini ya ubao kimo cha jino tu. Kwenye mashine ya meza ni kinyume: uso mzuri juu.

Kwa kuwa uko Tanga, mitiki ya Longuza itakufikia tu. Ina chembe za silika ndani, inalainika kwa mkono lakini inakula makali. Mvule una lake baya zaidi: wakati mwingine hubeba jiwe tumboni, chokaa iliyogandia ndani ya mti, na kwa nje huioni. Mnazi nao ni mgumu kwa pembeni. Kwa miti hiyo usinunue bledi ya chuma kitupu kwa sababu ni rahisi. Chukua yenye vipande vya kabaidi kwenye ncha, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida.

Uliuliza kama unaweza kukatia nondo za dirisha. Hapana! Mashine yako inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika, na bledi ya mbao ikigonga chuma kwa kasi hiyo, meno yanaweza kuruka usoni. Tumia grainda na diski yake. Aluminiamu inawezekana, lakini ina bledi yake, meno mengi yaliyoegemea nyuma kidogo ili yasiivute.

Dukani soma maandishi yaliyo kwenye bledi yenyewe: kipenyo, tundu la katikati, na mwisho wa kasi, ambao usiwe chini ya kasi ya mashine yako. Tundu likiwa kubwa kuliko mhimili, dai pete yake ya kujaza nafasi. Usikubali kufungiwa kitambaa au kipande cha kopo, hata muuzaji akikuapia.

Ya meno 60 nimekununulia Gerezani jana. Nitampa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi, nitakupigia nikishajua namba ya gari. Hela utanipa tukionana, au nirudishie kiroba cha machungwa ya Muheza, mama watoto atafurahi zaidi.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Juma