Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Dakta, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi mliofunga vibanda na maduka Jumamosi ya leo kwa ajili yetu, wanafunzi wenzetu: assalamu alaikum, na Bwana asifiwe.

Dakta, wewe ni mwenyeji wa Mombasa kutushinda sisi, kwa hivyo karibu yetu ni ya adabu tu. Kuna mwalimu kwenye meza kuu anayedai alikufundisha kidato cha pili, na kwamba maswali yako yalimchelewesha kumaliza silabasi. Tumeahidi kutomtaja.

Wengi waliomo humu wanakujua kwa sauti, kupitia kipindi chako cha redio. Kazi yako ya mchana haijulikani sana. Ulianza na fizikia, ukaifuata hadi shahada ya uzamifu ng'ambo, ukichunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Leo wafanya sayansi ya data: wasoma rekodi za matumizi ya stima na kukadiria kesho jioni watu watahitaji kiasi gani. Mzazi mmoja alituuliza wiki hii, "Kutoka nyotani hadi kwenye stima, huyo si amepotea njia?" Twaomba tumjibu mbele yako.

Chombo cha kunasa eksirei angani kazi yake kubwa ni kuhesabu. Chembe moja ya mwanga imeingia, kimya, nyingine, kimya, halafu tatu kwa mpigo. Nyingi kati ya hizo si za nyota inayotafutwa. Ni mnururisho, yaani miale iliyozagaa angani, au kelele za chombo chenyewe. Mwanafizikia hujiuliza: katika hesabu hizi, zipi zingekuwapo hata kama nyota haipo? Akishazitoa, na akishapima ni kwa kiasi gani huenda amekosea, ndipo anapofungua mdomo. Sasa chukua stima ya mji huu. Matumizi hupanda na kushuka kwa sababu chungu nzima: joto la Machi, mechi ya usiku, saa za daku mwezi wa Ramadhani ambapo Mji wa Kale uko macho. Swali ni lile lile, na hesabu zake ni jamaa moja. Mzee wetu, hakupotea njia.

Na hizo eksirei zina nasaba na pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, kilomita 120 hivi kutoka tulipoketi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Msimamizi wa mradi huo katika NASA alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa Jamhuri Dei, kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikaitwa Uhuru. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu iko jirani na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki huipata kasi hiyo bure. Uhuru ilituachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauponyoki. Sisi tuliyasikia haya mara ya kwanza kwenye kipindi chako, Dakta. Tumefika Malindi kwa harusi na kwa likizo, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Ulitusimulia pia habari za Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi Cambridge mwaka 1967. Darubini yake ya redio ilitoa mita na mita za karatasi zenye mistari, naye akizikagua kwa macho yake mwenyewe. Akaona kialama kidogo kisichofanana na nyota za kawaida wala na kelele za hapa duniani. Angeweza kukipuuza. Alikifuatilia, na kumbe ni nyota inayotoa mpigo wa mawimbi ya redio kila baada ya sekunde 1.3 hivi, pulsa ya kwanza kujulikana. Tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake na mwenzake, yeye akaachwa nje. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3, alizitoa zote ziwe ufadhili wa wanafunzi wa fizikia wanaotoka katika makundi yenye wachache katika somo hilo. Hapa wenzetu walipiga makofi darasani, na mmoja akasema yeye angebakisha kidogo.

Hadithi hiyo ndiyo iliyotutoa darasani kwenda ufukweni. Tulichukua boriti, tukaipaka rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita 10, tukaisimamisha kando ya hori la Tudor, tukawa tunaandika kimo cha maji kila baada ya dakika 15. Asubuhi moja maji yalikuwa yakipanda polepole kama ilivyotarajiwa, mara nambari ikaruka, kisha ikarudi chini. Mwenzetu akashika kifutio. Mwingine akamzuia mkono: Dakta amesema nambari haifutwi, huandikwa pembeni yake kilichotokea. Pembeni tukaandika, "Boti limepita." Tulipochora grafu, ile nukta ilikaa peke yake juu ya mstari, na kila mtu alijua kwa nini. Kwetu hiyo ndiyo sayansi ya data, kabla hata ya kugusa kompyuta.

Grafu ilituonyesha maji kujaa yakichelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa kuwa mwezi unaoyavuta maji nao unasogea na dunia hulazimika kuzunguka zaidi kidogo kuufikia. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu hapo jirani alikuwa amekwisha kutuambia, bila daftari, tuje lini tuone bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Alipatia. Tulimwonyesha grafu, akaitazama kwa muda, akatuuliza kama inaweza pia kumwambia upepo.

Twasema haya kwa sababu wewe, Dakta, hukuona haya kueleza sayansi kwa Kiswahili cha nyumbani. Ulipofafanua kwamba uwezekano wa mvua wa asilimia 30 ni kusema katika siku kumi zinazofanana na leo, mvua itanyesha kama siku tatu, mama anayeanika ng'onda, samaki wa kukausha, alielewa na akapata la kuamua: mzigo mdogo auanike, mkubwa angoje. Baadhi ya wataalamu huona kazi hiyo ni ya kupoteza muda. Sisi twaona bila hiyo, utabiri wote unabaki ofisini.

Sasa malalamiko yetu, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Kila mwaka, wakati wa kuchagua masomo, wasichana wengi huiacha fizikia. Si kwamba wote wameshindwa. Wengine wana alama nzuri kuliko sisi tulioandika risala hii. Wameambiwa nyumbani, "Utaifanyia kazi gani?" na hakuna wa kujibu. Kwa hivyo twakuomba urudi muhula ujao, kabla ya fomu za masomo kujazwa, na safari hiyo uzungumze na wazazi kwanza, wanafunzi baadaye.

Twaomba pia, ukiweza, utufungulie mlango kwa watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi hapa Mombasa, tulinganishe vipimo vya boriti yetu na vya mtambo wa kupima kimo cha maji wa Kilindini. Kompyuta tunazo mbili zinazofanya kazi. Ya tatu huwaka ikipenda. Kihisio cha kupima kimo cha maji usiku kingetusaidia sana, maana mama zetu hawaturuhusu kukaa ufukweni saa nane za usiku, na hilo hatuwezi kuliombea msaada kwako.

Dakta, tunakuachia jukwaa. Maswali yameandikwa tayari, na Mwalimu Mkuu ameturuhusu mpaka saa kumi.

Ni sisi wanafunzi wako,
Klabu ya Sayansi.